Serumu kwenye msumari: kisa cha mama mzazi mmoja wa Cimpunda

Ukiingia nyumba nyingi za huku Kadutu, Bukavu, mashariki mwa Kongo, utakuta msumari mmoja ukutani, juu ya kitanda, umepigwa juu kuliko ile ya nguo na hauna kitu. Ukiuliza wanakuambia huo ni wa serumu, ile chupa ya maji inayotundikwa iingie kwenye mshipa. Kuna mwaka mtu aliugua, akatundikiwa, akapona, msumari ukabaki pale unangojea mgonjwa mwingine. Kwenye kisa hiki serumu ilitundikwa kwenye msumari wa namna hiyo mara kadhaa ndani ya wiki mbili, na kila mara ilikuwa na kazi tofauti, kuna mara ilidanganya, kuna mara ilikaribia kuua, kuna mara iliokoa. Na mi mwenyewe nimo ndani, sitajitoa.

Mimi ni enfirmie, yaani muuguzi, mchana niko kwenye senta ya afya, jioni nazunguka majumbani hasa kwa wamama waliotoka maternite. Hapa Bukavu wengi wanatoka haraka, siku moja, wakikawia sana mbili, sababu ya bili, sababu kitanda kimoja kinangojewa na watatu, na nyumbani kuna watoto wengine wamebaki na jirani. Kwa hiyo ile wiki ya kwanza, ambayo njo ya hatari, mama anaipitisha nyumbani. Basi serumu ya nyumbani si starehe ya matajiri huku kwetu, ni kitu cha kila siku, kila avenyu ina mtu wake anayejua kuchoma. Nimebadilisha mambo madogo madogo ili mama huyu asitambulike, yaliyo ya ugonjwa nimeacha kama yalivyokuwa.

Ana miaka 27, kilo 50, huyu ni mtoto wake wa nne. Alizaa alfajiri kwenye senta ndogo, si kwetu, mtoto wa kike kilo 3 na gramu 100, alilia palepale, kila mtu akafurahi. Kondo la nyuma likachelewa. Mama aliniambia baadaye (yaya huku ni dada mkubwa), "walilivuta yaya, nikasikia kitu kama nguo inapasuka". Kwenye karatasi wameandika limetoka lote, kwa bic ileile na mwandiko uleule wa haraka ulioandika uzito wa mtoto na saa ya kuzaliwa, yaani mtu aliyajaza yote kwa pamoja mwishoni. Kulitazama kondo ni kazi ya dakika mbili tu, unaliweka kwenye beseni, upande uliokuwa umeshikamana na tumbo la uzazi unauelekeza juu, unaangalia kama vipande vyake vinakaa pamoja vizuri au kuna mahali pana shimo, halafu unainua ule utando uone kama ni mzima. Lakini saa kumi na moja alfajiri, umeme umekatika, tochi ni ya simu, mkunga ni mmoja na kuna mwingine anasukuma kwenye kitanda cha pili... naelewa inavyoachwa. Hata mimi nimeshaiacha siku fulani na Mungu akanisaidia tu. Ila ugonjwa wote uliofuata ulianzia kwenye lile beseni.

Siku ya tatu jioni akaanza baridi, anatetemeka chini ya blanketi mbili. Mama mkwe akasema ni maziwa inaingia, na tuwe wakweli, hilo si neno la ujinga, siku ya tatu matiti yanajaa, yanakuwa mawe, na joto linaweza kupanda kidogo. Akamkanda na maji ya moto, akamtengenezea buyi (uji) ya sosoma. Siku ya nne mumewe akanipigia, tunasali pamoja, ananiita yaya. Nilikuwa kwenye motari, pikipiki ya abiria, natoka Nyawera, kelele, mvua. Nikamuuliza swali moja tu, "anatoka damu mingi?" Akasema "hapana yaya, imepunguka kabisa." Nikamwambia basi ni maziwa, anyonyeshe sana, anywe maji, nitapita. Sikupita.

Hapo njo kosa langu, na nimelirudia kichwani mara nyingi. Damu kupunguka ghafla siku ya nne haitoshi kunituliza, inaweza kuwa njia imeziba na uchafu unakaa ndani. Ningetakiwa kuuliza inanuka namna gani, joto ni ngapi, tumbo chini linauma ukiligusa, moyo unapiga mbio? Maswali manne, nusu dakika ya yuniti. Mwenzangu mmoja ananiambia kwa simu huwezi kujua yote. Ndiyo, lakini harufu unaweza kuijua kwa simu, watu wanakuambia wakiulizwa, wasipoulizwa wanaona haya.

Siku ya tano, kwa vile sikufika, wakamwita jirani. Ni enfirmie A2, wa ngazi ya sekondari, anafanya kwenye famasi, mtaani wanamwita docta. Nisingependa mtu asome hapa amchukie, ni kijana mwenye moyo, alikuja saa tatu ya usiku kwenye kilima kilichojaa matope wakati mimi nilikuwa nimelala. Akapima TDR, kile kipimo cha haraka cha malaria, ikatoka malaria, misitari miwili safi. Kwa nyumba nzima mambo yakaisha hapo, ugonjwa una jina.

Sasa ile TDR. Huyu mama alikuwa ametibiwa malaria kama wiki tatu kabla ya kuzaa, iko kwenye karatasi yake ya CPN, kliniki ya wajawazito, vidonge vya siku tatu alivimeza vyote. Vile vipimo tunavyotumia zaidi huku vinatafuta protini inayoachwa na mdudu, na ile protini inabaki kwenye damu wiki kadhaa hata kama mdudu alishakufa zamani. Kwa hiyo misitari miwili ilikuwa inasema ukweli wa mwezi uliopita. Kujua kama malaria iko leo ilitakiwa tone nene kwenye labo, mtu aangalie kwa darubini. Na hata kama angekuwa nayo kweli, mama mwenye siku tano tangu azae akiwa na homa, kitu cha kwanza ni kumgusa tumbo na kutazama nguo aliyovaa, malaria itangoja dakika tano. Jirani hakumgusa tumbo. Nilipomuuliza baadaye akanijibu, "dada, iko muke ya mutu, mama mukwe iko pale, mimi mwanaume, nitaanzia wapi?" Sina jibu zuri la hilo. Angeweza kumwomba mama mkwe amguse yeye amwelekeze, lakini nani alishamfundisha hivyo?

Basi akatundika serumu ya kwanza. Glikoze 5%, lita moja, ndani akatia vitamini B ikageuka njano, na paracetamol gramu moja kwenye mshipa. Ile rangi ya njano, wee! Watu wa huku wanaipenda serumu ya njano kuliko nyeupe, wanaona nguvu inaingia kwa macho yao, na famasi zinajua, njo maana kila mtu anaitia. Ukihesabu lakini, glikoze 5% ni gramu 50 za sukari kwa lita nzima, kama kalori 200, sahani ya bugali na sombe inaipita mbali, na kwenye ile chupa hakuna protini wala chuma wala kitu chochote cha kutengeneza damu. Ni maji matamu. Kama mtu anakunywa na hatapiki, mdomo ni mlango mzuri kuliko mshipa na hauna sindano.

Lakini alipata nafuu! Hii njo sehemu ngumu kuwaeleza watu. Saa sita ya usiku joto lilishuka, akatoka jasho, akaomba chakula, akanyonyesha, mumewe akanitumia mesaji, "serumu imemusaidia yaya, amekula hata sambaza" (samaki wadogo). Nami nikajibu na ile picha ya mikono miwili ya amina. Paracetamol ilishusha joto, maji yalimpunguzia kiu, sukari ikampa macho kufunguka. Vitu vitatu vya kweli, na hakuna hata kimoja kilichogusa kilichokuwa kinaoza ndani. Kama ile serumu isingefanya kitu, wangemteremsha hospitali asubuhi ile. Ilifanya kitu, tukalala wote.

Siku ya sita homa ikarudi kwa nguvu. Jirani akasema malaria imekuwa kali, inatakiwa kinini. Hapa nitakawia kidogo kwa sababu serumu ya kinini majumbani bado iko sana Kivu, na kwa mama aliyezaa juzi ni kitu cha kuogopa. Kipimo chenyewe alikijua, sitamsingizia: miligramu 20 kwa kila kilo ya mwanzo, halafu 10 kwa kilo kila saa nane, kwenye glikoze, itiririke polepole saa nne. Kwa kilo 50 ni gramu moja halafu nusu gramu. Shida ilikuwa kwenye ile saa nne. Trusi ya kawaida, ule mrija wa serumu, inatoa matone 20 kwa mililita moja, kwa hiyo mililita 500 kwa saa nne ni matone kama 42 kwa dakika, unashika saa unahesabu, unarudi baada ya nusu saa unahesabu tena kwa sababu mgonjwa akikunja mkono inabadilika, akiunyoosha inakimbia. Jirani alipanga matone, akapokea simu ya famasi, akaenda. Mtoto wa miaka mitano akacheza na kile kigurudumu. Chupa iliisha bila hata saa mbili kupita.

Kinini ikienda mbio inashusha tansio (presha ya damu), na hata ikienda taratibu inafanya kongosho litoe insulini, sukari ya damu inaanguka, na wanaoanguka zaidi ni wenye mimba na waliotoka kuzaa. Usiku ule masikio yakaanza kulia, akawa anasema kuna kengele ya kanisa ndani ya kichwa. Akatoka jasho baridi, mikono inatetemeka, akaongea maneno yasiyoeleweka. Mama mkwe akasema malaria inatoka. Na OMS, Shirika la Afya Duniani, ilishasema tangu 2006 kwamba malaria kali ya mtu mzima ianze na artesunate, kinini iwe ya akiba. Kwenye famasi ya kilimani, kinini iko na inajulikana, artesunate mara iko mara haiko.

Nilifika siku ya saba, saa moja ya asubuhi, kabla ya kazi, nimekuja kusalimia mtoto tu, nimebeba hata kilo moja ya sukari kama zawadi. Nilipofungua pazia harufu njo ilinipokea. Aliyeshawahi kuisikia haisahau, si harufu ya damu ya mzazi, ile ya kawaida inafanana na ya hedhi, hii ni ya nyama. Mama yuko macho nusu nusu. Joto kwapani 38.9. Moyo 126 kwa dakika. Tansio 90 juu, 50 chini. Anapumua mara 28. Sukari kwenye kidole 46, chini sana. Kope za ndani nyeupe kama karatasi. Nikamgusa tumbo, tumbo la uzazi bado liko kwenye kitovu wakati siku ya saba lilitakiwa liwe limeshuka karibu na mfupa wa chini, na nilipoligandamiza alilia bila sauti.

Kuna hesabu moja ndogo naifundisha wanafunzi wa stage, wa mafunzo ya kazi, wanaokuja kwetu: gawanya mapigo ya moyo kwa tansio ya juu. Mama mzazi mzima anabaki chini ya 0.9. Huyu 126 kwa 90 ni 1.4. Haitaki labo, haitaki umeme, hata simu ya vitufe ina kalkuleta.

Mle chumbani chupa ya tatu ilikuwa tayari kwenye msumari, kinini ya asubuhi, bado kufunguliwa. Nikaishusha. Mumewe akanishika mkono, "yaya, tuliishanunua hiyo." Nikamwambia kaka, huyu mama hana malaria, ana uchafu ndani na sumu imeingia kwenye damu, tunateremka sasa hivi. Mama mkwe akauliza, "sasa unamutolea serumu, atatembea na nguvu gani?"

Swali lake lilikuwa zuri kuliko alivyojua, kwa sababu nilimtundikia nyingine palepale. Kwanza glikoze ya 50%, mililita 50 taratibu kwenye mshipa, baada ya dakika kumi akaniita jina. Halafu ampisilini gramu 2 kwenye mshipa na jentamisini ampula 3 za miligramu 80 kwenye msuli, dozi ya kwanza ya antibiotiki inatolewa kabla ya kuondoka, haingoji mlango wa hospitali. Halafu Ringer, serumu ya chumvichumvi, ikimbie, kwa sababu tansio 90 na moyo ule ni mshipa usiojaa. Angalia basi, ni plastiki ileile, trusi ileile, msumari uleule, lakini hii ilikuwa na swali inalolijibu, na ilikuwa na mtu ameshika mkono wa mgonjwa anahesabu.

Kule Cimpunda motari haifiki kwenye ile nyumba, ni vichochoro na ngazi za udongo, na ilikuwa imenyesha. Vijana wanne wakafunga kiti kwenye miti miwili, kipoyi, mdogo wa mume akashika chupa ya serumu juu mbele kama mtu wa kubeba msalaba kwenye maandamano, mi nyuma na mtoto mchanga kifuani. Mwanamke mmoja aliyekuwa anapanda na bidoni ya maji akatupisha, akaweka bidoni chini, akajifunga kitenge vizuri na kuteremka na sisi bila kuulizwa. Dakika 40 hadi barabarani. Mtu anayeniambia serumu ya nyumbani ni ya kukataza kabisa, namwomba ateremke kile kilima siku moja na mgonjwa.

Ya hospitali nitayapitisha haraka, walifanya kazi yao vizuri. Ekografi ikaonyesha kipande cha kondo, wakakitoa kwa AMIU, ile sindano kubwa ya kuvuta kwa mkono. Emoglobini, kipimo cha wingi wa damu, ilikuwa 5.4, akapewa pochi 2 za damu, mumewe na mdogo wake wakatoa damu kurudishia benki. Ampisilini, jentamisini, metronidazoli. Tone nene: hakuna mdudu wa malaria. Mtoto walimpima naye, kwa sababu mama mwenye sumu kwenye damu unamtazama na mtoto wake, hakuwa na kitu, alikuwa na njaa tu.

Siku ya kumi na mbili tangu kuzaa daktari akaniita. Mama hana homa siku tatu, anakula, anatembea, bili inapanda, kitanda kinatakiwa. Lakini zilibaki siku nne za antibiotiki. Nikauliza kwa nini asiache, kwa sababu tulifundishwa homa ya tumbo la uzazi isiyo na matatizo ukishapita saa 24 hadi 48 bila joto unasimamisha, hata vidonge vya kuendelea havihitajiki. Akasema ndiyo, ile isiyo na matatizo, huyu alikuja tansio imeanguka, nataka siku kumi zitimie. Kwa nini si vidonge basi? Tukabishana kidogo, kwa heshima, mi ningependelea vidonge, yeye aliogopa kwamba mama aliyechoka hivi na watoto wanne ataruka dozi. Tukakubaliana seftriaksoni, aliyokuwa ameshaianza dozi mbili hospitali, gramu 2 mara moja kwa siku, nyumbani, mimi nichome.

Mara moja kwa siku njo inafanya jambo hili liwezekane. Ile ya mara tatu au nne kwa siku nyumbani ni hadithi, ya saa nane ya usiku hakuna atakayekuja kuichoma. Unaingia, unaosha mikono kwa sabuni na maji ya bidoni (si kupangusa na alkoli halafu unaita ni kuosha), unapima joto, moyo na tansio kabla ya kugusa sindano, unauliza harufu, unaangalia tumbo, halafu njo dawa. Siku ya kwanza niliandika hayo, pamoja na namba za ile siku ya saba, kwenye daftari ya shule ya mtoto wao mkubwa, na nikamwachia mume namba mbili tu za kukumbuka, 38 ya joto na 110 ya moyo, yoyote ikifikiwa asinipigie, ateremke kwanza, atanipigia akiwa barabarani.

Na bado tulikaribia kuharibu. Siku ya pili shemeji alitumwa famasi na ordonansi, karatasi ya dawa ya daktari, akarudi na seftriaksoni, boksi zuri, ndani kuna unga na kiampula cha kuuchanganyia. Nikakigeuza kwenye mwanga: lidokaini. Ile ni boksi ya kuchoma kwenye msuli, lidokaini imewekwa ipunguze maumivu ya msuli, ukiichanganyia humo ukaisukuma kwenye mshipa unaweza kuvuruga moyo, ukampa mtu degedege. Boksi la msuli na la mshipa yanafanana kama mapacha, tofauti ni mstari mmoja mdogo wa maandishi. Nikatupa kiampula, nikachanganya na maji ya sindano. Famasi hawakumuuliza kijana ni ya wapi, na kijana hakujua kuna kuuliza.

Na lingine, palikuwa na nusu chupa ya Ringer iliyobaki, mama mkwe ameihifadhi vizuri chini ya kitanda, akasema si tutie humo dawa isipotee. Hapana. Ringer ina kalisi, seftriaksoni na kalisi zinagandana, yanatoka mawe madogo madogo ambayo mengine huyaoni kwa macho. Na chupa iliyofunguliwa juzi ni nyumba ya wadudu hata kama isingekuwa Ringer. Aliitazama ikimwagwa nje kama mtu anayetazama maziwa yanamwagwa, ile chupa walikuwa wameilipa.

Kateta, ule mrija mdogo unaobaki kwenye mshipa, niliiweka mkono wa kushoto, katikati ya mkono, si kwenye kiwiko, kwa sababu mama anayenyonyesha anakunja kiwiko mchana kutwa na kateta ya kiwiko haimalizi siku. Hilo hakuna aliyenifundisha shule, nilifundishwa na mama mmoja wa Panzi aliyeing'oa mara tatu kwa siku moja akaniambia, "dada, wewe unayo mutoto?" Sindano zilizotumika nilitia kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, jioni narudi nayo senta zichomwe moto. Nyumba ya watoto wanne, huachi sindano hata kwa dakika.

Ikabaki damu. Emoglobini 7 baada ya zile pochi, na mama anaona nyota akiinuka. Mume akaniuliza, sasa si tumtundikie ile ya njano? Nikacheka, naye akacheka lakini alikuwa anauliza kweli. Daktari aliandika chuma cha mshipa. Hesabu yake: uzito mara upungufu wa emoglobini mara 2.4, unaongeza 500 za akiba. Kilo 50, kutoka 7 kwenda 12 ni 5, inatoka miligramu 1,100. Ile tunayoipata huku ni sukrozi ya chuma, miligramu 200 kila mara, si zaidi ya 600 kwa wiki, kwa serumu ya chumvi peke yake, si kwenye glikoze. Basi ni mara 6, Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, wiki mbili. Na hakuanzishwa mpaka antibiotiki ilipoisha na homa ilipokuwa imesahaulika, chuma cha mshipa wakati wadudu wako kwenye damu tunakiogopa.

Hii nilikataa kuifanya nyumbani. Walinishangaa, umechoma dawa kali nyumbani siku nne, hiki chuma kinakushinda? Chuma cha mshipa mara chache kinamkataa mtu, anavimba, anashindwa kupumua, dakika tatu tu ziko mbele yako. Shirika la dawa la Ulaya mwaka 2013 liliandika kitolewe tu mahali penye watu na vifaa vya kumrudisha mtu, na akae akitazamwa angalau dakika 30 baada ya dozi. Najua seftriaksoni nayo inaweza kumkataa mtu, lakini huyu alishaianza dozi mbili za kwanza hospitali mbele ya macho ya watu, na begi langu lilikuwa na adrenalini. Kwa chuma nilitaka oksijeni na mtu wa pili. Kwa hiyo alikuja senta mara sita, kwa miguu, wiki ya pili akawa anakuja na mtoto mgongoni badala ya kubebewa na mama mkwe. Mara ya tatu alitapika kidogo, tukapunguza mwendo wa matone, hakuna kingine. Wiki nne baadaye emoglobini 10.8.

Nilikaa na jirani jioni moja mbele ya famasi yake, nikamletea ile daftari aione. Aliisoma yote, akarudi kwenye ukurasa wa siku ya saba, akakaa pale. Akaniambia, "mi nilipima TDR, wewe hukukuja." Nikamwambia ndiyo. Hatukuongeza sana. Siku hizi akiitwa kwa mama mzazi ananitumia mesaji ya namba tatu tu, joto, moyo, tansio, saa yoyote, na nimeamua simu yangu haizimwi tena usiku, mume wangu analalamika.

Kilichobaki bado ni ile pesa. Serumu ya njano na kinini mbili, jirani anadai dola 25. Mume alilipa 15 palepale, na ile chupa ya tatu niliyoishusha haikufunguliwa, kwa hiyo anasema airudishe famasi imtoe kwenye deni. Jirani anasema dawa ikitoka famasi hairudi. Nimeitwa mara mbili kuamua na mara mbili nimesema nina mgonjwa. Chupa iko palepale juu ya kabati, na msumari hawajaung'oa.